Picha Zote Alizipiga Mwantumu

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, ni zamani ile simu zilipokuwa za kupiga na kupokea tu, waliishi mtu na mkewe huko milima ya Lushoto. Mume aliitwa Mbwana, mkulima wa kabichi. Mke aliitwa Mwantumu. Kaeni vizuri mnisikilize, maana mwisho nitawauliza neno, na mimi mwenyewe jibu sina.

Walioana bila mpiga picha, kwa shughuli ndogo ya nyumbani. Mwantumu alipojifungua mtoto wao, Zaituni, alitamani kitu kimoja tu: kamera. Alisema ukigeuka kuchochea moto, ukirudi kumtazama mtoto, ameshakuwa mwingine.

Basi Mbwana alipouza kabichi zake Tanga mjini, akaingia dukani. Muuzaji akamwekea mezani kamera mbili za dijitali. Moja kubwa, yenye lenzi ndefu, ya kupigia maharusi. Nyingine ndogo, bapa, kama kipande cha sabuni. Muuzaji akaisifia ile kubwa. Mbwana akauliza mwanamke mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani ataibebaje. Muuzaji akacheka, akamfungia ile ndogo.

Ikawa kamera ya Mwantumu. Aliifunga kwenye pindo la kanga, akaenda nayo kisimani, shambani na jikoni. Akajifunza mwenyewe kwamba ndani ya nyumba afungue dirisha na kuligeuzia mgongo. Kwamba abonyeze kitufe nusu, atulie, kisha ndipo amalizie, la sivyo picha hutoka na ukungu. Hakungoja sikukuu. Alimpiga picha mtoto akila uji. Alimpiga Mbwana amelala mkekani mdomo wazi. Alimpiga mama yake, Bi. Rukia, akipukuchua maharage. Alipiga hata nguo zikipepea uani. Alizozipenda alizipeleka studio zikasafishwa, akazibandika kwenye albamu.

Mara kwa mara alimwambia mumewe, "Baba Zaituni, nipige na mimi." Mbwana alikuwa katoka shambani, mikono ina udongo. Akajibu kesho, nikishanawa. Kesho yake akatoka tena shambani na udongo wake.

Aliyempiga picha Mwantumu ni wifi yake Kidawa, dada yake Mbwana. Kila alipokuja kutembea aliichukua kamera, akampiga Mwantumu akichambua mchele, akimnyonyesha mtoto, akicheka kichwa wazi. Moja kati ya hizo aliisafisha, Mwantumu kasimama mlangoni, akampelekea Bi. Rukia. Nyingine zilibaki kwenye kadi.

Ikafika harusi ya Kidawa, na kamera ikaazimwa. Asubuhi ya harusi kadi ikajaa, ijapokuwa zilizokwisha safishwa zilishafutwa, na pa kununulia nyingine ni mbali. Kidawa, hina imekolea mikononi, akamwuliza Mwantumu wafute zipi. Mwantumu akazitazama zote, akasema, "Futa hizi zangu, wifi. Mimi si nipo kila siku?"

Zikafutwa. Harusi ikapigwa picha ikapendeza, na aliyeipiga ni Mwantumu, kwa hiyo humo pia hayumo.

Mvua za vuli zilipoanza Mwantumu akashikwa na homa. Akapelekwa hospitali. Hakurudi. Zaituni alikuwa hajaacha ziwa.

Baada ya arobaini vitu vya marehemu vikagawiwa. Bi. Rukia alikuwa na ile picha ya mlangoni, na sasa akapewa na kitambulisho cha mwanawe, chenye picha. Akawa anakaa navyo mapajani, hali, hasemi, hatoki nje. Majirani wakaanza kumhofia. Asubuhi moja aliwasha jiko la chai, akavitia vyote viwili motoni. Siku hiyo akala.

Zaituni akalelewa na bibi yake na baba yake, akakua, akaolewa, akazaa mtoto wa kike. Kila aliyekuja kumwona mtoto alisema, huyu ni Mwantumu mtupu. Zaituni akauliza, ni macho, au mdomo? Mmoja akasema macho. Mwingine akasema la, ni kipaji cha uso. Akaitoa albamu ya mamake, akaifunua ukurasa kwa ukurasa. Alijiona yeye, akamwona baba yake, akaona nguo uani. Na katika kila picha ya utoto wake alimwona mtoto anatazama juu kidogo ya kamera, anamchekea mtu. Mtu mwenyewe hayupo.

Ndipo akawaita wote watatu, baba, shangazi na bibi, akawakalisha sebuleni. Akasema, "Sitaki ugomvi na mtu. Nataka kujua nani alininyima uso wa mama yangu."

Mbwana ndiye aliyeanza.

"Ni mimi, mwanangu. Nilinunua kamera nikadhani nimemaliza kazi. Yule muuzaji alinionyesha kitufe cha kuifanya ijipige yenyewe, mkaingia wote. Nilikuwa nawahi lori, sikukitia akilini, wala mama yako sikumwambia. Na aliponiomba mimi nimpige, nilimwambia kesho. Maji ya kunawa yalikuwa pale pale mlangoni."

Kidawa akasema kaka yake asijibebeshe lisilo lake. "Picha zilikuwepo, nilizipiga kwa mkono wangu, nikazifuta kwa mkono wangu. Aliniruhusu, ndiyo. Lakini mtu akikwambia nifute, si lazima umfute. Ningeweza kufuta nusu. Nilitaka harusi yangu itoke yote."

Bi. Rukia alikuwa hajainua macho. Aliposema, alisema polepole. "Hao walipoteza zilizokuwa nyingi. Mimi nilichoma ya mwisho. Nilikuwa najua ni ya mwisho. Ila nilikuwa na wewe wa kulea, mjukuu wangu, na kwa ile picha nilikuwa siwezi hata kusimama. Nilichagua kusimama. Haki yako sikuifikiria."

Zaituni akamtazama baba yake, aliyeinunua kamera kwa mapenzi. Akamtazama shangazi, ambaye peke yake ndiye aliyewahi kumpiga picha mama yake. Akamtazama bibi, aliyemlea. Alitaka kumkasirikia mmoja wao, akashindwa. Alilia, nao wakalia, na albamu ilikuwa wazi mezani.

Basi ninyi mlionisikiliza, mimi nimefika mwisho wa ninayoyajua. Wako wanaosema kosa ni la Mbwana, aliyeombwa akaahirisha. Wako wanaosema ni la Kidawa, aliyefuta. Wako wanaosema ni la Bi. Rukia, aliyechoma huku anajua. Na wako wanaosema, kwa sauti ya chini, kwamba ni la Mwantumu mwenyewe.

Je, kosa la nani ni zito zaidi? Na mngekuwa ninyi ndio Zaituni, mngeanza kumsamehe nani?