Magamba Shingoni mwa Chungu

Ukimwona mfinyanzi wa ziwani akibonyeza alama shingoni mwa chungu kibichi, usidhani ni urembo tu. Palikuwa na zama ambapo shingo zote zilikuwa laini, na mnunuzi alichagua kwa kubahatisha.

Zama hizo aliishi Tusekile, mwanamke ambaye udongo ulimtii. Aliuponda, akauchanganya na mchanga, akauacha ulale mpaka utulie. Chungu chake kilizeeka motoni bila ufa. Akaanza kubonyeza ukucha shingoni, safu ya magamba ya samaki. Punde wanawake wa milimani wakawa hawaulizi neno. Walipapasa shingo, wakabeba.

Kisha mfinyanzi wa ng'ambo ya mto akabonyeza magamba yaleyale. Chungu chake kikapasuka siku ya harusi, maharage yakamwagika mbele ya wakwe. Mama wa bibi harusi akamfuata Tusekile na vigae mkononi.

"Umenivua nguo mbele ya wakwe, mwenzangu."

Tusekile alivigusa tu akajua udongo ule si wake. Lakini aibu ilikuwa yake. Akamshitaki mwigaji kwa wazee, nao wakaamua: mfinyanzi asichukue alama ya mfinyanzi mwenzake.

Ushindi ule ulimlevya kidogo, na nani asingelewa? Siku ya gulio akaona magamba hayohayo kwenye matenga ya Asajile, msukaji wa mianzi. Akamshitaki naye. Asajile hakulala vizuri. Wateja wake walimjua kwa msuko ule, na bila huo angeanza upya na uzee huu hapa.

Wazee wakamwita mama yule wa vigae, maana ndiye aliyewahi kudanganyika. Wakamwuliza kama alipoliona tenga alidhani ni kazi ya Tusekile.

"Baba zangu, nilidanganywa, sikupofuka," akasema. "Nitapikaje kwenye tenga?"

Watu wakacheka. Asajile akasema taratibu, "Dada, kazi yako naiheshimu. Lakini magamba niliyaona kwa samaki, kama wewe."

Tusekile akalichukua tenga, akaligeuza, akatafuta kasoro. Alipitisha kidole kila mahali, wala hakikupata pa kupenya. Moyo wake, uliopenda kazi njema kuliko ushindi, ukalainika.

"Lisuke hivyohivyo, kaka. Siku ukilegeza, nitakuja mwenyewe."

"Karibu, ila usije na vigae," akajibu Asajile. Tusekile akacheka kuliko wote, kisha akaagiza matenga ya kubebea vyungu vyake milimani.

Na tangu siku hiyo, shingo ya chungu ina mwenyewe, na mfinyanzi mwingine haigusi. Lakini magamba utayakuta kwenye matenga, kwenye viti, hata milangoni, na hakuna anayeitwa barazani. Samaki mwenyewe, aliyeanza nayo, hajamshitaki mtu mpaka leo.