Zawadi za Mchezo wa Nguchiro

Hapo zamani za kale, zamani hizo wanyama walikuwa na simu na binadamu hata moto hana, sogeeni, sogeeni basi, wewe usikae mlangoni, njoo huku karibu yangu, palikuwa na nchi kavu yenye kisima kimoja.

Masika yakija, kila bonde linajaa na hakuna anayekikumbuka kisima. Kiangazi kikiingia mabonde yanakauka, kinabaki kisima peke yake, maji kidogo, ya kuteka kwa zamu. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake la zamu. Unaliweka ukingoni, unateka, unaondoka nalo. Huna jiwe, huteki.

Na sheria ya mawe aliiweka Simba mwenyewe, ili Nyati na pembe zake asiwaonee wadogo. Alisema, "Jiwe likishatolewa kwa hiari halinyang'anywi. Atakayenyang'anya, nyumba yake haiteki tena, yeye na watoto na wajukuu." Wote wakaitikia, sheria ikakaa.

Katika nchi hiyo aliishi Mama Funo. Funo ni mnyama mdogo kama mbuzi mchanga, mwekundu, akisikia jani limeanguka yuko mbali. Alikaa na binti yake, Sikudhani. Kiangazi kilichopita alikuwa na watoto wawili. Huyu ndiye aliyebaki. Kwa hiyo jiwe lake la zamu Mama Funo hakuliweka kabatini wala chini ya godoro, alilifunga kwenye pindo la kanga, analala nalo, anapika nalo.

Basi, katikati ya masika, mvua inapiga pa-pa-pa-pa, akatokea Nguchiro. Mnamjua Nguchiro? Kanyama kembamba, mkia mrefu, macho hayatulii, anakula nyoka na nyoka anabaki anasema asante.

Akapanda juu ya kichuguu, simu mkononi.

"Jamani njooni! Njooni wakubwa kwa wadogo! Mchezo mpya wa simu unakuja! Mfalme wa Nyika! Unaruka vuuu! Unapiga puu! Unaanguka, unafufuka, unaendelea!"

Akawaonyesha picha moja kwenye kioo cha simu, ikawaka, ikazimika. Watoto wote, "Waaa!"

"Uko wapi?" Simba akanguruma. "Ulete tucheze sasa hivi."

"Bado, mtukufu, unapikwa. Siku ya uzinduzi ni mvua zikikatika. Lakini anayeagiza mapema, zawadi! Wewe mtukufu, shingo ya manyoya ya dhahabu. Bwana Tembo, pembe zinazowaka kama taa. Mzee Nyati, kwato za moto, ukikanyaga tu, chwaa!"

"Kwenye miguu yangu hii?" Nyati akauliza.

"Ndani ya mchezo, mzee."

"Aaa. Ndani ya mchezo." Nyati akazitazama kwato zake zilizojaa tope. "Si haba."

"Na kuagiza ni kutoa nini?" akauliza Tembo.

"Kitu kidogo! Amana tu. Jiwe lako la zamu, nikuwekee. Siku ya uzinduzi unachukua mchezo wako, zawadi yako na jiwe lako. Mimi sibaki hata na vumbi lake."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga makofi. "Jiwe! Na mvua hii! Nani anakitaka kisima?" Tup! akalitupa miguuni pa Nguchiro. Nyati naye, tup! Simba naye, tup! Kiboko akaja anahema, "Mimi je? Mimi mmeniwekea nini?"

Sauti ndogo ikatoka nyuma kabisa. "Na uzinduzi ukichelewa?"

Ni Mama Funo. Wote wakageuka, wakaangua kicheko. Nguchiro hakucheka. Alimtazama kwa muda, kama anayepima kitambaa.

"Mama Sikudhani," akasema kwa upole, "kwani mimi nimewahi kukuchelewesha wapi?" Kisha akapaza sauti, "Na atakayemleta jirani, anaongezewa taji!"

Hapo ndipo balaa lilipohamia majumbani.

"Hodi humu!" Mama Nyati huyo kwa Mama Funo, mwili umejaza mlango mzima.

"Karibu, mama. Karibu ndani."

"Siingii, nitavunja nyumba. Mwenzangu, mtaa mzima umebaki wewe. Mimi nimepungukiwa jirani mmoja tu nipate taji. Toa hilo jiwe."

"Ninaogopa, mama."

"Unaogopa nini, maji? Yamekufika magotini! Hofu yako hiyo itakulelea mtoto gani?"

Sikudhani alikuwa amejikunja pembeni, macho mekundu. "Mama, watoto wa kina Nyati wananiimbia. Ha-ja-a-gi-za, ha-ja-a-gi-za! Wamenitoa kwenye mduara, nimekaa peke yangu."

"Umemsikia mwanao?" akasema Mama Nyati. "Na unajua wadogo wamewekewa zawadi gani? Pembe ndefu za fedha. Chui akiziona anakimbia."

"Ndani ya mchezo," akasema Mama Funo.

"Ndani ya mchezo ndiyo, lakini si anakimbia?"

Mama Funo akamtazama binti yake. Akamwona na pembe za fedha, na Chui anakimbia, Chui yule yule anayewafanya walale jicho moja wazi, anakimbia mkia chini, na mtoto anamcheka. Halafu akawaza, ni amana tu, linarudi. Vidole vikafungua pindo la kanga vyenyewe, kabla moyo haujasema ndiyo.

Mvua zikakatika. Siku ya uzinduzi ikafika, wanyama wote wakaja wameoga, wamechana manyoya, watoto mabegani. Nguchiro akapanda kichuguu, akashusha pumzi ndefu, fyuuu, akajifuta macho makavu.

"Jamani, sijala. Mchezo haujaiva. Niwape mbichi? Nyinyi, wateja wangu niwapendao?"

"Usitupe mbichi!" Tembo akapiga kelele, hata hajui kwa nini.

"Basi tunasogeza mbele kidogo. Na kwa usumbufu huu, kila aliyeagiza namwongezea kiti cha enzi!"

"Eeee!" Vigelegele.

"Na mawe yetu?" akauliza Mama Funo.

"Siku ya uzinduzi, mama, kama tulivyokubaliana."

"Mimi nafuta. Sitaki mchezo, sitaki zawadi, nirudishie jiwe."

"Anayefuta hurudishiwa, nani amekataa? Hurudishiwa baada ya uzinduzi."

"Kaa chini wewe!" Kiboko akamfokea. "Unataka atukasirikie, tukose viti?"

Kiangazi kikaingia. Mabonde yakapasuka. Kila zamu ikifika, ya Tembo, ya Simba, ya Nyati, ya Mama Funo, ni Nguchiro huyo kisimani, anaweka jiwe la watu ukingoni, kamba inalia kwiii, kwiii, anateka. Akajaza mitungi, akajaza mapipa, akamwagilia bustani ya mchicha. Wakubwa walikuwa kwenye mto uliokauka wanachimba mchanga, wanalamba matope.

Mchezo ukasogezwa tena. Wakaongezewa ngao. Ukasogezwa tena. Wakaongezewa mabawa.

"Sasa nina pembe za taa," Tembo akawa anasema, ngozi imempasuka kama ardhi, "nina kiti, nina ngao, nina mabawa."

"Na maji?" akaulizwa.

"Maji bado."

Sikudhani aliacha kuuliza habari za mchezo. Kisha akaacha kuuliza habari za maji. Pua yake ikakauka, ulimi ukawa mzito mdomoni, mama yake akimsimamisha anakaa, akimsimamisha anakaa. Mama Funo akatoka mbio, hakufunga hata mlango, akafika uani kwa Nguchiro akihema.

"Nipe jiwe langu. Mtoto hasimami."

"Mama Sikudhani, sheria si yangu. Ni ya Simba."

"Basi nipe maji. Kata moja. Nakuomba, na wewe una watoto."

Nguchiro akaacha kumwagilia. Akamsogelea, akaongea taratibu.

"Kesho Simba anakuja na wenzake. Kiu imempanda kichwani, anataka kuvunja sheria yake mwenyewe. Akivunja, mimi nimekwisha. Mimi nikiwaambia mchezo upo, hawaamini tena. Lakini wewe tangu siku ya kwanza hukuuamini. Ukisema wewe umeuona, wataamini."

Mama Funo akamkodolea macho. "Kwani upo?"

"Ipo picha moja. Ile ile." Akacheka kidogo, chi chi chi. "Kata moja kila siku, mpaka mvua zirudi. Mtoto wako atasimama."

Usiniulize alifikiri nini. Alimfikiria Sikudhani amelala sakafuni, mlango wazi.

"Nijazie ya leo kwanza," akasema.

Kesho yake walikuja kweli, Simba mbele, Nyati na Tembo nyuma, vumbi limefunika jua.

"Nguchiro shuka!" Simba akanguruma, sauti imekauka inakwaruza. "Leo sheria au si sheria, nakutafuna na simu yako!"

Mama Funo akasimama katikati.

"Nimeuona," akasema.

"Umeona nini?"

"Mchezo. Jana. Umebaki kidogo sana."

Nyati akasogea hatua moja mbele.

"Wewe?" Nyati akasema. "Wewe uliyetaka kufuta?"

"Mimi. Nilikosea. Mtukufu, shingo yako inawaka dhahabu, hivi, mpaka mabegani. Bwana Tembo umekaa kwenye kiti chako."

"Nimekaaje?" Tembo akauliza haraka.

"Umekaa vizuri, bwana."

Simba akakaa chini polepole kama gunia. "Inawaka kweli?"

"Inawaka, mtukufu."

Akajaribu kumeza mate, hayakuwepo. "Basi tungoje. Tumeshangoja sana, tusije tukakosa siku yenyewe."

Wakaondoka mmoja mmoja, kwato zinaburuta. Akabaki Mama Nyati. Ubavuni ameegemewa na ndama wake, yule aliyekuwa akiimba ha-ja-a-gi-za, shingo imelegea.

"Mwenzangu," akasema. "Na huyu wangu, umemwona humo ndani?"

"Nimemwona, mama."

"Ana kwato za moto?"

"Anazo."

"Anakimbia?"

Mama Funo akamtazama ndama. Magoti yalikuwa yamekunjika, macho yameingia ndani.

"Anakimbia, mama. Hakuna anayemshika."

"Haya," akasema Mama Nyati, na akatabasamu, midomo ikapasuka. "Haya, roho yangu imetulia." Akamsukuma mwanawe kwa pua, wakashuka taratibu kuelekea mto mkavu, na kabla ya kufika ukingoni ndama akalala chini, mama yake akasimama juu yake kumpa kivuli.

"Mama Sikudhani!" Nguchiro akaita kutoka kisimani. "Kata yako hii!"

Akaenda. Akaipokea kwa mikono miwili, akaondoka bila kutazama upande wa mto.

Hadithi yangu inakomea hapo, mchezo haujatoka mpaka leo na wapo wanaoungoja. Wanangu, anayekuahidi zawadi za kesho huku ameshika maji yako ya leo, huyo ameshakunywa.