Chiriku na Habari Zisizo Kweli

Paukwa!
Pakawa.
Nimechoka, ila nitasimulia.
Tumechoka, ila tunakusikiliza.

Basi hapo kale palikuwa na Chiriku, jina lake Mwanakheri, ndege mdogo wa kujaa kiganjani. Kazi yake ilikuwa kutangaza habari. Kila asubuhi alitua juu ya kichuguu, chirri-chirri, akawaeleza wanyama wapi nyasi zimeota, wapi chui ameonekana, nani amezaa na nani amefiwa. Kazi hiyo aliifanya pamoja na mwenzake, Kwale.

Mwaka huo mvua ilikuwa haba. Kiboko, aliyekuwa na nguvu kuliko wote pale mtoni, akataka maji yote yawe yake. Akasukuma magogo, puu, puu, puu, akakiziba kijito nyuma ya mwamba mweupe, mahali ambapo wanyama hawakuzoea kupita. Huko juu yeye akaogelea. Huku chini kijito kikakauka, na watoto wa swala wakaanza kufa kwa kiu.

Kwale aliyaona magogo, akamwambia Chiriku kwamba kesho atayatangaza kama yalivyo. Siku hiyo hiyo Kiboko akamkanyaga mguu, mguu ukavunjika, na Kwale hakutangaza tena. Kisha Kiboko akamwita Chiriku, akamwambia kwamba kuanzia leo kila habari ipite kwake kwanza, yeye ndiye atakayeamua ipi itoke.

Chiriku akaitikia. Afanye nini? Alikwisha kuuona mguu wa Kwale. Siku saba akapeleka habari, siku saba Kiboko akazikata. Habari ya kiu akaikata. Habari ya watoto wa swala akaikata. Ikabaki kwamba Kiboko ameamka salama, na kwamba Kiboko amelala salama. Chiriku akawa anatangaza huku sauti imemkauka, na wanyama wanaondoka kabla hajamaliza.

Siku ya nane akaenda kwa Kiboko, amechoka kweli kweli.

"Bwana mkubwa," akasema, "huko chini wananong'ona. Nikinyamaza, wataamini. Niruhusu nikanushe."

Kiboko akatikisa masikio. "Utakanushaje?"

"Nitasema si kweli kwamba bwana mkubwa ameziba kijito."

Kiboko akafurahi. "Nenda kaseme."

Chiriku akaenda akasema. Kesho yake akarudi. Wanauliza kimezibwa kwa kitu gani. Je, aseme si kweli kwamba ni kwa magogo matatu? Kiboko akafurahi. "Nenda kaseme." Kesho yake akarudi tena. Wanauliza wapi, je, aseme si kweli kwamba ni nyuma ya mwamba mweupe? "Nenda kaseme." Mwisho akaomba akanushe kwamba bwana mkubwa hulala fofofo jua likiwa la utosini.

"Nenda kaseme," akasema Kiboko, "na useme kwa sauti."

Wanyama waliposikia wakatazamana. Jua lilipofika utosini wakaenda nyuma ya mwamba mweupe, wakayakuta magogo matatu. Tembo akayang'oa, puu, puu, puu. Maji yakashuka, shaaa. Kiboko kuamka, tumbo liko kwenye tope.

Akamfuata Chiriku akihema. Wanyama wote walikuwapo, wanakunywa.

"Sikutangaza hata neno moja ambalo hukuliruhusu, bwana mkubwa," Chiriku akamwambia.

Kiboko akatazama huku na huku, akahamia mto mwingine.

Chiriku akaenda kumweleza Kwale. Kwale akauliza kama sasa watatangaza tena pamoja. Chiriku hajajibu, akaja mjumbe. Nyati ndiye aliyechaguliwa kulinda maji. Anawasalimu sana, na anaomba kila habari ipite kwake kwanza, si kwa ubaya, ni utaratibu tu.

Chiriku akakung'uta mbawa. Halafu akaenda kumsikiliza Nyati.

Hadithi imefika hapo, nami nimefika hapo hapo. Palipo patamu chukueni, palipo pachungu niachieni, nimepazoea.

Na funzo lake ni hili: mkubwa akisema jambo si kweli, msiende kutazama. Kaeni majumbani na kiu yenu, mumwamini.