Sengondo na Somo la Kwanza

Sengondo alifundisha majasusi miaka ishirini, kisha akagombana na wakubwa wa idara na kutoroka na siri zao zote kichwani. Idara ikamsaka nchi nzima kimyakimya, hata polisi wasijue. Ijumaa moja asubuhi, wanafunzi wake wawili wa zamani wakamkuta kinyozini, kidevu kimejaa povu.

"Mwalimu, leo umepatikana," alinong'ona mmoja, akamtia pingu.

"Shikamoo hamna? Basi na somo la kwanza mmelisahau."

"Thubutu!" alinong'ona wa pili. "Jasusi hajitambulishi kwa yeyote, hata ang'olewe kucha."

"Safi," alisema Sengondo, kisha akapiga ukelele: "Afande, natekwa!"

Mteja wa kiti cha pili akaondoa taulo usoni. Alikuwa mkuu wa kituo cha polisi, aliyenyolewa hapo kila Ijumaa.

"Nyinyi ni nani?"

Vijana wakatazamana. "Sisi... tunauza mitumba, afande."

"Na pingu nazo ni mitumba?"

Pingu zikahamia mikononi mwao. Walipopakiwa garini, Sengondo akainama dirishani, povu bado kidevuni.

"Wanangu," alinong'ona, "mmefaulu wote wawili."