Zamu ya Koki ya Chini

Shauri lenyewe liliitwa "Hoja ya Dharura Kuhusu Utaratibu wa Ufunguzi wa Koki ya Chini." Kwa Kiswahili cha wenye kiu: nani aanze kumwagilia. Maji yaliyorudi kutoka mlimani yalikuwa haba, ya kuponya shamba moja tu la tangawizi hadi vuli. Ukiyagawa mara tatu, unalowesha vumbi.

Na waliodai walikuwa watatu. Nakijwa, mjane, alikuwa na kipaji cha kulipa. Kajiru alikuwa na sikio. Mzee Senzota alikuwa na ardhi, na ulimi uliozoea kusema hapana.

Bomba lilipopasuka huko ardhini na koki kukauka, kijiji kiligoma kulipa tozo ya mwezi, kina Kajiru na Senzota wakiwa mstari wa mbele. Tulipie upepo? waliuliza, na swali lao lilikuwa la haki. Nakijwa peke yake aliendelea kulipa, kwa kuwa katibu wa jumuiya ya maji alimweleza kwamba tozo si bei ya maji, ni matunzo ya bomba. Sokoni wakamwita mke wa bomba. Fedha yake, ikikusanyika kidogo kidogo, ndiyo iliyonunua bomba jipya.

Hakuna aliyejua la zamani limepasukia wapi, na bomba jipya lingeishia stoo likifuga buibui, kama si Kajiru. Alishuka mteremko wote akisimika mpini wa jembe na kutega sikio kwenye ncha yake, mpaka akayasikia maji yakinong'ona chini ya udongo.

Yalinong'ona chini ya migomba ya Senzota. Mzee aliyemnyima hata mwanawe kiwanja, siku hiyo alisema chimbeni, akasimama akitazama mikungu michanga ikiangushwa.

Kikaoni Kajiru alishika mila ya msaragambo: aliyetoka jasho kwenye kazi ya wote hutangulia kunywa. Senzota akauliza kama migomba yake iliyokatwa haikutoka jasho. Nakijwa aliwaza tangawizi yake, majani yamekwisha kuwa ya manjano, na mwaka mzima hana kingine cha kuuza.

"Usichukie, mama," Kajiru alimwambia, "lakini wewe ulikuwa umekaa nyumbani."

"Nilikaa na njaa, mwanangu, ili nilipe. Hiyo nayo si kazi?"

"Shemeji yetu, mke wa bomba, anataka tuzo ya utiifu," alisema Senzota, na watu wakacheka.

"Nataka maji, shemeji."

Katibu alitamka kwa masikitiko kwamba kila hoja ina uzito wake, jambo linalompa katibu yeyote raha isiyo kifani. Lakini alisema kweli: mwondoe mmoja kati ya hao, na koki ingali kavu.

Haya, nyie mliotega masikio: mngemfungulia nani? Amueni bila haraka. Kikao nacho hakikuwa nayo. Mjumbe mmoja alikuwa msibani, akidi haikutimia, kikaahirishwa. Koki ilitiwa kufuli kungoja uamuzi, na tangawizi ya wote watatu ikakauka.