Chafya ya Boriti ya Katikati

Zama zile majini walipokuwa wakipokea amri na watu wazima wakiogopa viapo, mji wa Bandasarai ulitawaliwa na Sultani Mundhiri bin Zahrani, na alikuwa mtu wa haki, ila mvivu wa kutoka barazani, na mtawala asiyetoka huamini anachoambiwa. Aliweka sheria kwamba kila mwaka kabla ya masika mwenye nyumba ya kupangisha amwite fundi mkuu agonge boriti zote kwa nyundo, na yenye kulia tupu itolewe, na nyumba iliyokaguliwa ipigwe alama ya ngeu nyekundu mlangoni. Sheria nzuri. Lakini ngeu inauzwa sokoni, na mkono wowote unaweza kuipaka.

Na mjini humo alikuwepo tajiri, jina lake Ghanimu, mwenye jumba la ghorofa tatu na wapangaji kumi na wanane, na kila mwaka aliipaka ngeu mwenyewe asubuhi kisha akaenda kunywa kahawa. Chumba cha chini alikaa Mwanapili binti Sharwani, mjane mshona kofia, na binti yake Nasra, aliyekuwa amejifungua mtoto wa kike na yumo katika arobaini yake, hatoki nje ya pazia.

Jumatano moja alasiri Mwanapili alikuwa akimfukizia mzazi ubani, na boriti ya katikati ikapiga chafya.

“Yarhamuka Llahu,” akasema kwa mazoea, kisha chetezo kikamtoka mkononi.

“Ahsante, bibi,” ikajibu boriti. “Lakini huo ubani, nakusihi. Mikono yangu yote miwili imebeba ghorofa tatu, siwezi hata kujikuna pua.”

“Nani wewe?”

“Ni jini Sarkashi, mtumwa wa pete ya Ghanimu. Boriti yenyewe mchwa waliimaliza miaka saba iliyopita, limebaki ganda la chokaa, na bwana yule akaona kuita fundi ni taabu, akanifunga mimi hapa. Muda wangu unakwisha keshokutwa Ijumaa, adhana ya adhuhuri. Tangu juzi magoti yananitetemeka.”

“Na ukiondoka?”

“Bibi, una akili zako. Waniuliza la nini?”

Mwanapili hakukaa. Alikwenda kwa Ghanimu kabla jua halijazama, na Ghanimu akamjibu bila kumtazama: “Mlango una ngeu, bibi. Atakayetoka na godoro lake asirudi nalo, na mvua hiyo inakuja.” Akarudi kwa wapangaji, akipanda ngazi na kushuka, mlango kwa mlango, nao wakamwambia, “Mama Nasra, tukifukuzwa masika haya tutalala wapi? Tangu lini boriti ikasema?” Angeweza kumtoa binti yake peke yake. Lakini watoto wa juu walikuwa wakirukaruka, na kila wakiruka vumbi linamdondokea mtoto mchanga usoni, na Mwanapili anahesabu miguu.

Alhamisi akaingia barazani kwa Sultani akashtaki kwamba boriti ni tupu, na Ghanimu akaitwa, akaapa mbele ya kadhi kwamba nyumba yake ni nzima. Ndipo Mwanapili akainama akasema, “Ewe Sultani wa zama, Mola akudumishie enzi na heshima, mimi mjakazi wako sikuja kuomba nguo wala chakula. Nimekuja kumwalika Tajiri Ghanimu kwangu kesho, aketi chini ya boriti ya katikati, anywe kahawa mpaka adhuhuri iadhiniwe. Nyumba ni nzima, amekwisha kuapa. Kikombe kimoja kitamdhuru nini?”

Baraza likacheka, na Sultani akacheka mpaka kilemba kikalegea, akasema, “Wallahi nami nitakuja.” Na Ghanimu angekataa vipi, naye kiapo hakijamkauka mdomoni?

Ijumaa Ghanimu akakalishwa mkekani, Sultani na kadhi wakaketi kizingitini, wapangaji wakajazana ngazini. Vumbi likaanguka katika kikombe chake.

“Kunywa, bwana,” akasema Mwanapili. “Ni nyumba yako hiyo unayoinywa.”

Ghanimu akaizungusha pete, akanong’ona, “Sarkashi, nakuongezea miaka saba.”

“Amri ya pete hutolewa kwa sauti,” ikanguruma boriti, watu wote wakasikia, “mbele ya mashahidi, na kazi itajwe.”

Ghanimu akamtazama kadhi. Kuitaja kazi ni kukiri kiapo cha uongo. Na huko msikitini muadhini akasikika akisafisha koo.

“Tokeni!” akapiga ukelele Ghanimu, akiruka. “Hamna boriti humu! Tokeni!” Na wa kwanza kutoka alikuwa yeye, akimkanyaga Sultani mguu, lakini Mwanapili alimdaka mkono, na kidole kilikuwa na jasho, na pete ikambakia yeye.

“Sarkashi!” akapaza sauti. “Mbele ya Sultani na kadhi, ibebe nyumba hii mpaka mtu wa mwisho atoke, kisha uko huru!”

“Sikio na utii, bibi, lakini fanya hima. Pua!”

Wakateremka kumi na sita wa juu, na Nasra akatolewa na kitanda chake na mtoto na pazia limewazunguka, wamebebwa na askari wa Sultani waliofumba macho, basi arobaini haikuvunjika. Mwanapili akatoka nyuma yao, na unyayo wake ulipoacha kizingiti, jini akapiga chafya, na ghorofa tatu zikalala chini.

“Yarhamuka Llahu,” akasema Mwanapili.

Sultani akahukumu Ghanimu ajenge upya na akae mwenyewe chumba cha chini, chini ya wapangaji wake, na Mwanapili akapewa utajiri wa kumtosha na kazi ya kufuatana na fundi mkuu, Bwana Bashuka, nyumba kwa nyumba. Bashuka, aliyefiwa na mkewe, akamposa. Mwanapili akaichukua nyundo, akaenda kwake akagonga, na boriti tatu za fundi mkuu zilikuwa tupu. Akamngojesha mpaka zilipobadilishwa, ndipo ikafungwa ndoa, na pilau ikaliwa siku saba.

Nawe unayetafuta chumba, usisimame mlangoni kusifu rangi. Ingia na nyundo.