Pimbi na Kipimo cha Ukutani

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiendesha baiskeli na kuezeka mabati kama sisi, palikuwa na chemchemi moja tu isiyokauka wakati wa kiangazi. Ili wasipigane walikubaliana hivi: kila mwaka, mvua zikikatika, wafanye mashindano ya baiskeli. Atakayeshinda, yeye na watoto wake watakunywa wa kwanza kila asubuhi mpaka mvua zirudi. Wengine watafuata, mkubwa kwanza, mdogo mwisho.

Sasa mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi, mama wa watoto wanne. Nyati na Kifaru wakishaingia majini na miguu yao, kilichobaki kwa Pimbi ni tope. Watoto wake waliumwa matumbo kiangazi kizima. Hilo lilimuuma kuliko kitu chochote, na mimi nikilisimulia linanikasirisha mpaka leo.

Mwaka wa kwanza aliposhindana, cheni ilikatika kabla hajafika mlimani. Mwaka wa pili alijitahidi, akampita Nyati mlimani kabisa, lakini walipofika tambarare Nyati akampita tena, vuuu, kana kwamba Pimbi amesimama. Alimaliza wa tatu, nyuma ya Nyati na Kifaru, akarudi nyumbani akilia njia nzima. Alipomaliza kulia akamwambia mumewe, "Baba watoto, mwakani nashindana tena."

Mumewe akamwuliza atapata wapi miguu ya kumshinda Nyati.

"Yangu haitakua," Pimbi akasema. "Labda yake ipungue."

Basi mvua zilipokaribia kukatika, alichukua baiskeli kuukuu, akaisimamisha juu ya magogo ili gurudumu la nyuma lisiguse ardhi, akalifunga kwa mkanda kwenye jiwe la kusagia. Ukikanyaga pedali, jiwe linazunguka, kwarara, kwarara, unga unatoka. Akatangaza kwamba hicho ndicho kipimo cha nguvu za miguu. Unakanyaga tangu sufuria ya maji inapoinjikwa mpaka ichemke, unga wako unapimwa kwa vibaba, halafu jina lako linaandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa Pimbi, mwenye vingi juu.

Wa kwanza kujipima alikuwa Pimbi mwenyewe, mbele ya wote. Kibaba kimoja na nusu. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye akajiandika chini kabisa kwa herufi kubwa, wala hakuona haya.

Nyati akapanda, akasaga vibaba vinane, akashuka akitembea kwa madaha. Jioni akapita Kifaru, akasaga tisa. Asubuhi Nyati alipoona jina lake limekuwa la pili, chai haikumpita kooni. Akarudi, akasaga kumi. Kifaru akasaga kumi na kimoja. Ikawa ndiyo kazi yao, kutwa kucha kwarara kwarara, na hakuna aliyekumbuka tena kuigusa baiskeli ya mashindano.

Majirani waliokuwa wakitwanga kwa mikono wakaleta mahindi yao, Kanga, Digidigi, hata Panya. Mabwana wakubwa wakawasagia bure, nao wakijiona wako mazoezini.

Na Pimbi? Kila alfajiri alipanda mlima mara mbili kwa baiskeli yake, akashuka, akala, akalala mchana. Ziko siku mapaja yalimwaka moto akatamani kuacha. Lakini akikumbuka mtoto wake wa mwisho alivyojikunja kwa maumivu ya tumbo, alikanyaga.

Siku moja kabla ya mashindano, Nyati akaja akichechemea kidogo. Pimbi akamwamkia kwa heshima.

"Bwana Nyati, leo usisage. Kesho ndiyo siku yenyewe, nenda ukapumzike."

Nyati akageuka kwenda zake, kisha akauliza kama kuna mwingine aliyesaga leo.

"Kifaru tu," Pimbi akasema. "Kumi na vinne."

Nyati akasimama. "Injika sufuria."

Akasaga kumi na vitano. Kifaru aliposikia alikuja mbio, akakanyaga na kukanyaga, akaishia kumi na vinne na nusu, akaanguka ubavu, puu!

Kesho yake Kanga akapuliza filimbi, wakaondoka. Upepo ulikuwa wa mbele, mkali, na Pimbi alijibanza nyuma ya makalio ya Kifaru mahali upepo haufiki. Walipofika chini ya mlima, misuli ilimkaza Kifaru, akashuka akakaa kando ya njia akisugua mapaja. Pimbi akapanda peke yake. Katikati ya mlima akamkuta Nyati anaikokota baiskeli kwa miguu. Akampita, pumzi zikimwisha.

Mteremkoni Nyati alipanda tena baiskeli, uzito wake ukamsukuma, vuuu, akamfikia Pimbi. Wakaingia tambarare bega kwa bega, chemchemi inaonekana. Nyati akasimama juu ya pedali, akaiita miguu yake. Miguu haikuitika. Pimbi akainama, akauma meno, akakanyaga mpaka macho yakaona giza, akafika mbele kwa gurudumu moja.

Nyati alijitupa majanini. "Haiwezekani. Mimi ndiye wa kwanza ukutani. Mimi vibaba kumi na vitano, wewe kimoja na nusu."

"Ni kweli, Bwana Nyati," Pimbi akasema akihema. "Basi wewe kanywe ukutani."

Asubuhi iliyofuata watoto wanne wa Pimbi walikunywa maji safi, wa kwanza kabisa, polepole, mpaka wakatosheka, na Nyati amesimama nyuma yao anangoja zamu yake.

Hadithi yangu naitua hapo, wanangu, na funzo lake ni hili: anayemaliza nguvu zake kwa kujionyesha, siku ya kazi hana.